Sufuria Moja, Makaa Juu ya Kifuniko

Ile Alhamisi siisahau, mwanangu, hata nikizeeka meno yaishe. Nilikuwa nimesimama katikati ya majiko mawili na stovu, napika vitu vinne kwa mpigo, na machozi yananidondokea ndani ya kabichi. Chumvi sikuongeza.

Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekupita miaka tisa tu. Lakini juzi tukianika nguo uliponiambia mama mkwe wako anakuja Jumamosi kumchukua mtoto ampeleke kijijini, eti kwa sababu huwezi kazi na nyumba pamoja, nilikasirika nikakamua shuka mpaka likatatuka. Ulidhani nimekukasirikia wewe. Hapana. Ilikuwa hasira yangu ya zamani imeamka. Kwa hivyo kaa nikuambie yaliyonipata, halafu utaamua mwenyewe.

Tulikuwa tunaishi Kyumbi, chumba kimoja na kibaraza, mimi na mume wangu Kioko. Nilikuwa nashona mifuko katika kiwanda kimoja huko Mavoko. Naondoka asubuhi Mwende wangu bado amelala, namwachia mama mmoja wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, aliyekuwa akitulelea watoto, narudi jua likianza kuinama. Mwende alikuwa na miezi minane. Kioko naye alikuwa kwenye mijengo, kibarua cha ujenzi. Akirudi anavua viatu, anaketi, anashika simu. Hilo la simu, nisikufiche, linanichoma mpaka leo.

Jumatano ya wiki hiyo mama yake akatutembelea kutoka Kithyoko. Nilikuwa namwita Mwaitu, yaani mama, kama nilivyofundishwa kwetu. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyesema jambo mara mbili. Alikuja na kikapu cha ndengu na begi moja kubwa, tupu. Ndengu nilishukuru. Begi nililitazama mara mbili, maana hakuna mtu anayetoka kijijini na begi tupu bila sababu.

"Hiyo ni ya nguo za mtoto," akasema, kama anayesema habari ya mvua. "Nitakaa na yeye mpaka atembee. Wewe bado uko na mambo mengi."

Wewe unajua, huku kwetu hilo si kosa. Nusu ya binamu zangu walilelewa na susu zao, yaani nyanya zao, na wakawa watu wazuri. Ningesema nini? Kwamba mtoto bado ananyonya? Angesema maziwa ya ng'ombe yapo. Kwamba nitamkosa? Angesema nitazoea. Nikaamua kumwonyesha kwa kazi. Nikajiambia, kesho nitapika chakula cha kumfanya hata yeye akunje begi lake.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa letu sisi wasichana wa huku. Tunafikiri mwanamke anayeweza ni yule aliyezungukwa na sufuria.

Basi Alhamisi nikachemsha nyama ya ng'ombe, nikaweka wali, nikakata kabichi, nikakanda na unga wa chapati. Nyama ikakataa kuiva. Wali ukashika chini. Chapati ya kwanza ikaungua nikiwa naangalia wali, ya pili nikiwa naangalia nyama. Mwende alikuwa analia tangu nilipoingia mlangoni, maana alikuwa ameninusa na sikuwa nimemshika. Nilimpa Kioko. Kioko akamweka kwenye mkeka karibu yake na kurudi kwa simu. Mtoto akatambaa kunifuata. Nilisikia tu Mwaitu akisema, "Aiya!" na nilipogeuka alikuwa amemshika Mwende mguu, mkono wa mtoto ukiwa shibiri moja kutoka kwa jiko la chapati.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimbeba mtoto ndani, akamtikisatikisa mpaka akalala, na Mwende akalala bila kuniona uso. Tulipokaa kula akasema, "Jumamosi asubuhi naenda na yeye."

Ijumaa nilishona mifuko siku nzima nikiwa nimekaza meno. Niliposhuka gari pale njia panda ya Machakos, karibu na nyumbani, nilijua sitaki kumwonyesha mtu chochote tena. Nilitaka jioni moja tu na mtoto wangu, ya mwisho. Nilitaka chakula kinachojipika. Nikaingia kwa bucha ya nguruwe.

"Sasa, Mama Mwende," akasema yule kijana wa bucha. "Nikukatie ya kuchemsha?"

"Nikatie kilo ya bega, iwe na mafuta yake, vipande vikubwa. Na usinisemeshe."

"Haya, madam. Lakini hiyo hasira usiiweke kwa nyama, itakuwa ngumu."

Kwa mama mboga nikachukua viazi, karoti, vitunguu, pilipili hoho moja, kabichi ndogo na kitunguu saumu. Rosmari nilivunja kwenye ua wa jirani, alishaniruhusu zamani. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja: mama yangu, kila Krismasi, alikuwa akioka keki kwenye sufuria, makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Nikasema, kama keki inaiva, nguruwe itakataa kwa nini?

Nikafika. Nikamchukua Mwende kabla ya kuvua hata viatu. Halafu nikasema, "Kioko, weka simu. Menya viazi."

Akamwangalia mama yake. Unajua aibu ya mwanamume wa kwetu kushika kisu cha jikoni mama yake akiona. "Si Mama yuko hapa," akanong'ona.

"Anaona. Menya."

Akamenya. Vibaya, lakini akamenya. Mimi, mtoto akiwa mgongoni, nikapaka nyama chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Nikapasha ile sufuria nzito, nikalaza nyama upande wa mafuta chini, bila mafuta mengine, mpaka ikashika rangi. Nikasukuma viazi katikati ya nyama, vimekatwa mara mbili tu, karoti nene, vitunguu vizima vimepasuliwa nne, na rosmari juu. Nikashika kifuniko.

Hapo Mwaitu akainuka na kikombe cha maji. "Hujaweka maji. Nguruwe lazima ichemke."

Mwanangu, sikuwahi kumkatalia yule mama kitu hata kimoja. Lakini mtu anayekwenda na mtoto wako kesho, unamwogopea nini tena?

"Mwaitu, acha," nikasema. "Ukiweka maji, inakuwa supu. Hii itaiva na mvuke wake na moto wa juu. Na sitakupa kipande ambacho sijakipasua nikaona kimeiva mpaka ndani."

Akaniangalia. Nilisikia kisu cha Kioko, ambacho sasa kilikuwa kwenye kabichi, kimesimama. Halafu akakinywa kile kikombe cha maji yeye mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake.

Nikapunguza makaa ya chini, nikapanga mengi juu ya kifuniko, nikaondoka pale. Umesikia? Nikaondoka. Jiko lilikuwa nje kwenye kona ya kibaraza, na mimi nikakaa na Mwende kwenye mkeka upande wa pili. Nikamnyonyesha. Nikampigia makofi, akacheka na yale meno mawili. Akanivuta nywele, akanitemea mate kwenye kidevu. Mara kwa mara mafuta yalilia ndani ya sufuria, na ile harufu ikaanza kutembea kwenye ploti mpaka mama wa chumba cha mwisho akapita akiuliza, "Kwani huku kuna harusi?" Nilifungua mara moja tu, nikipangusa majivu kwanza, nikaweka vipande vya kabichi na hoho, nikafunika tena. Sikuangalia Mwaitu. Nilijua anaangalia, lakini nilidhani anaangalia jiko.

Baada ya kama saa moja na kidogo nikapasua kipande kinene. Kimeiva, maji yake meupe, hakuna wekundu. Tukakula kwenye sahani nne, Mwende akipewa kiazi kilichopondwa. Mwaitu alikula polepole. Akageuza kiazi, kikiwa na ile ngozi ya kahawia chini.

"Hii viazi imekunywa mafuta yote ya nguruwe," akasema. Kisha, "Nani alikuwa anakoroga?"

"Hakuna."

Akamaliza kile kiazi. "Jana huyu mtoto aliona mgongo wako tu," akasema. "Leo ameona uso. Mimi sikutoka Kithyoko kuonja chapati. Nilikuja kuona kama mtoto ako na mama jioni."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Na mbona hukuniambia, Mwaitu?"

"Ungenisikia? Ulikuwa unapika."

Halafu akageuka. "Kioko, osha vyombo. Sufuria ni moja tu, haitakuua."

Jumamosi asubuhi alifungua lile begi lake tupu. Nikamvuta Mwende kwangu. Akaenda kwenye rafu yangu, akachukua sufuria mbili, ile ya wali na ile ya kabichi, akazitia ndani na kufunga zipu. "Hizi huzihitaji kila siku," akasema. Akambusu Mwende, akapanda gari la Kithyoko na sufuria zangu. Mwende akabaki. Leo yuko darasa la pili na karoti humenya yeye.

Basi sikiliza. Jumamosi hii usipike chapati za kujionyesha. Njoo uchukue sufuria yangu nzito, ina kifuniko kinachobeba makaa. Nyama ya bega, viazi vikubwa, karoti, kitunguu, hakuna maji, makaa mengi juu na machache chini, kabichi mwisho. Pasua nyama uhakikishe. Mume wako amenye. Kama anaona aibu, aone. Na ile saa moja sufuria inajifanyia kazi, hiyo ni yako na mtoto. Usiitumie kufagia. Usiitumie kupanga vikombe. Kaa chini, mshike, mtazamane. Na mama mkwe akikuuliza, mjibu kwa heshima lakini mjibu, maana kunyamaza kwangu nusura kuninyang'anye Mwende. Nilihangaika na sufuria jioni nzima badala ya kusema neno moja: huyu ni wangu, nitamweza.

Nenda, mwanangu. Moto wako uwe wa kutosha na usimguse mtoto. Jioni zako ziwe na nafasi ya kukaa. Mungu amfanye mtoto wako aujue uso wako kuliko mgongo wako, na lile begi lao, likija tupu, lirudi na sufuria.