Hatimkato ya Mama Neema imeingia kwenye simu

Leo nimekubali jambo nisilolijua, na neno langu silirudishi!

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa karani Iringa miaka ya sabini. Aliandika hatimkato, ile mikunjo ya kalamu ya kufukuzia maneno ya bosi akisema.

Tangu uchumba namwambia najua kuisoma.

Leo binti yetu kamwekea mikunjo hiyo kwenye simu. Mama Neema akanitumia mstari.

Kwangu vikaja viboksi vitupu!

Mwanamume wa Kalenga haulizi. Nikajibu, "Sawa, nakubali."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Neema, umekubali kuipikia jumuiya nzima ikija kusali kwetu kesho!"

Na nitapika!

Ila jamani, mkunjo wa kalamu unageukaje kiboksi njiani? Anayejua aje anieleze kesho.

Aje mapema, na mwiko wake.