Kidole cha Shahada

Khalu wangu, kaka yake mama, alisema pete haifuliwi kwa cheti. Alisema hivyo harusini, kikombe cha kahawa mkononi, na watu wakacheka. Wengine wakaongeza kuwa mtu aliyekulia Unguja, akarudi Maskati mtu mzima na Kiarabu cha kuokoteza, hawezi kufungua duka la sonara soko la Sib akamaliza mwaka. Nimemaliza sita. Stashahada yangu ya usonara imetundikwa nyuma ya kichwa changu, ili mteja akizungumza nami aisome.

Khalu ndiye aliyenikopesha kodi ya duka. Kwa hiyo kila Alhamisi aliendesha gari kutoka Al Amerat, akavuka milima, akaketi kwenye kiti cha mteja kutazama fedha yake inavyopotea. Alikuwepo siku ile ya Myahudi.

Mteja huyo alikuwa mhandisi mgeni, mkaazi wa Azaiba, anakwenda kwao kuoa. Wiki mbili kabla alikuja kuagiza pete ya bibi harusi, na kipimo chake kwenye kikaratasi. Alitaka dhahabu tupu, bila kito, bila tundu, bila kiungo. Nilimshauri almasi ndogo. Akakataa kwa upole: kwa sheria yao bwana harusi humpa mke kitu chenye thamani, na thamani hiyo mke na mashahidi wawili waione kwa macho yao. Kito huficha bei. Nikayapenda maneno hayo, ila kipimo nilikidharau. Hakuna bibi harusi mwenye kidole cha pete kinene hivyo, nilijiambia, huyu kakisia. Nikaimimina pete ndogo zaidi bila kumuuliza. Mwenye stashahada haulizi.

Alhamisi hiyo alikuja saa nne asubuhi. Ndege yake ilikuwa alasiri. Akatoa mfukoni uzi uliofungwa duara, akaulinganisha na pete.

"Ndogo," alisema.

Nikamweleza nilivyomsahihisha. Akaniacha nimalize, kisha akainua mkono wa kulia na kunyoosha kidole kinachofuata gumba. Wakati wa ndoa, alisema, pete yao huvishwa hapa, mahali ambapo mashahidi wanaiona vizuri. Baadaye mke huihamisha akipenda.

"Sisi tunakiita kidole cha shahada," nilisema.

"Shahada ni nini?"

"Ushahidi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani yake.

Khalu akageuka kutazama ukuta. "Na ile nayo si shahada? Hebu n'ambie, imeandika nini juu ya vidole?"

Kuikata na kuiunga ni kazi ya robo saa, lakini ningeacha kiungo. Ilibidi niitanue. Dhahabu iliyomiminwa haipendi kutanuliwa. Ikichoka hupasuka bila kukuonya, na sikuwa na dhahabu nyingine. Nikaipasha moto hadi ikawa nyekundu, nikaizamisha majini, nikaivisha kwenye mchi wa chuma, nikaigonga kidogo kidogo kuizunguka. Nikarudia. Mara ya nne nilisikia mlio, nikaiinua mwangani kutafuta ufa. Ilikuwa ni nyundo imegusa chuma. Ndege zilipita juu ya soko na kila moja ilimfanya mteja atazame saa.

Saa sita kasorobo uzi na pete vikalingana. Sonara gani wa Sib angeiweza kazi ile? Nami nilikuwa karibu kuyasema hayo, mteja alipoitazama pete akauliza kama dhahabu ni yangu kabisa, kwa sababu pete ya kuazima au ya amana haifungi ndoa. Lazima iwe mali ya bwana harusi mwenyewe.

Kusema ndiyo kungetosha. Khalu alijua ukweli, akanitazama.

"Si yangu," nilisema. "Ya tajiri wa duka la tatu kutoka hapa. Kaniachia kwa amana mpaka nilipe."

Tukaenda wote watatu, kabla maduka hayajafungwa kwa adhuhuri. Mteja akaweka bei ya dhahabu mbele ya tajiri. Tajiri akasema kwa Kiarabu kuwa imetoka mkononi mwake, ameridhika. Ndipo mteja akanilipa ufundi wangu, akaifunga pete katika kitambaa, akakimbilia teksi.

Tangu siku hiyo sikuuza dhahabu ya mtu. Nililipa kwanza, ndipo nikafua. Dada yangu, aliyeniwekea bangili zake rehani, nilimrudishia bangili zile zile. Wa mwisho alikuwa khalu. Nilimwita dukani Alhamisi, nikamweka kwenye kiti chake, nikampa bahasha yenye fedha aliyonikopesha, nikawaita dada na tajiri wa duka la tatu wasimame pale mlangoni.

"Hawa wa nini?" khalu aliuliza, bahasha mkononi.

Nikainua kidole cha shahada.

Akakitazama kidole, akautazama ukuta. "Haya, sonara," alisema. Neno cheti hakulitia.