Matanga ya Mamake Mgeni

Jirani amechoma ubani, na harufu yake imenirudisha utotoni, Tiwi, nyumbani kwa mwanamke wa Meksiko ambaye mama yangu alikuwa akimfulia nguo. Siku moja mimi na mama tulikuta mezani kwake picha ya mwanamke mzee, mishumaa, mkate na maua ya manjano. Mama aliitazama picha, akatoka mbio. "Mgeni amefiwa na mamake!" akawaambia majirani.

Tukaenda na wanawake wa mtaa mzima, kanga kichwani, tumebeba sufuria ya wali na chetezo cha ubani. Tukatandika mikeka barazani kwake, tukakaa kimya. Mgeni akatoka, akatushangaa.

"Pole, mwanangu," bibi yangu akamwambia. "Mama amefariki lini?"

"Zamani, bibi. Kwetu kila mwaka tunawaandalia wafu chakula, waje kututembelea. Ni siku ya furaha."

"Astaghafirullah," jirani mmoja akanong'ona, akaanza kukunja mkeka.

Bibi hakuinuka. "Na alipokufa, nani alikuja kukaa nawe?"

Mgeni akatazama chini. "Hakuna. Nilikuwa huku. Niliambiwa kwa simu."

Bibi akauchukua ule mkeka, akautandika upya.

"Basi matanga yake hayajakaliwa," akasema. "Njoo, mwanangu. Kaa."