Nilipoambiwa Nichague Jina la Uongo

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wafuasi wote wa ukurasa huu kwamba cherehani yangu imegeuzwa. Tangu nifungue kibanda hiki hapa Mountain View, Nairobi, nimekuwa nikishona nikiupa mlango mgongo, mwanga upite begani uangukie kitambaa. Sasa nautazama mlango. Mwanga unanichoma macho, na wiki hii nimemshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

Admin, ficha jina langu, na tafadhali usiniambie nichague lingine. Mtaona kwa nini.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo. Shule niliiacha njiani. Elimu yangu iliyobaki nimeitoa kwenye magazeti ya zamani ninayokatia vipimo, ndiyo maana najua habari nyingi lakini zote zimeishia kwapani au kwenye kola. Mtaani naitwa Mama Neema, kwa mwanangu wa kwanza, na kibao changu kinasema hivyo hivyo. (Neema nimembadilisha jina humu. Safari hii nimehakikisha ni la uongo.) Jina nililopewa na baba yangu hakuna alijuaye hapa, nami nilitaka iwe hivyo, kwa sababu ya shemeji yangu.

Mume wangu alipouawa, nilisimama mbele ya kijiji kizima nikasema ni nani aliyewaonyesha wauaji mlango wetu. Alikuwa mdogo wake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Popote utakapofika, nitafika." Nikachukua watoto, nikaanza kufika mahali pengi.

Sasa, mwaka jana alikuja binti mmoja wa chuo kikuu. Nitamwita Msomi. Alikuwa anaandika utafiti juu ya maisha ya wakimbizi Nairobi. Wengi wetu tukimwona mtu na kalamu tunapanga foleni tukidhani ni safari ya kuhamishiwa Canada, lakini huyu alisema wazi hana Canada, ana maswali tu. Nilimpenda kwa hilo. Aliniuliza kama nahisi nimejumuika na wenyeji. Nikamwambia majirani wananisengenya na sihitaji mkalimani, kwa hiyo ndiyo, nimejumuika.

Kabla hatujaanza alisema, "Mama, kwa kitabu sitatumia jina yako. Nichagulie ingine, ile watu wa huku hawakujui nayo."

Jina ambalo watu wa huku hawanijui nalo. Jamani, lilikuwa moja tu. Likatoka lenyewe.

Naapa sikuwa na nia mbaya. Pengine nilitaka tu kulisikia. Miaka yote hii hakuna kinywa kilichoniita hivyo, na yule binti akaanza kuniita kila akija: "Umeshindaje," na jina langu. Mimi naitikia huku nikikata kitambaa, moyo umejaa. Mtu pekee Nairobi nzima aliyeniita kwa jina langu alidhani ni la uongo.

Jumamosi iliyopita alikuja akicheka, meno yote nje. Kitabu kimepita, kimejaladiwa mjini, jalada jeusi na herufi za dhahabu, na Jumatatu hii inayokuja kinawekwa kwenye tovuti ya chuo ulimwengu mzima usome. Akanionyesha ukurasa wangu. Kazi yangu ameibadilisha, mimi ni msusi. Watoto amewaongeza. Mountain View imekuwa "mtaa wa magharibi mwa jiji". Kila kitu kimefichwa vizuri sana. Kijiji chetu tu ndicho amekiacha, na kisa cha shemeji, na juu yake, kwa herufi nzito, jina langu.

Siku hiyo ndiyo niliyogeuza cherehani. Maana mwezi uliopita mama mmoja wa kanisani aliniambia kuna mwanamume huko Kawangware, mtaa wa jirani, ana kovu shavuni, anamuulizia mwanamke wa kwetu anayeshona nguo. Shemeji ana kovu shavuni. Sikungoja amalize, nilitokea mlango wa nyuma wa kanisa.

Alipoondoka nikampigia Msomi. "Mwanangu, hilo jina libadilishe."

"Kwa nini, Mama? Ni jina poa! Hata msimamizi wangu aliipenda."

"Kuna mtu analo."

Akacheka. "Mama, jina yoyote utabuni lazima kuna mtu ako nayo."

Nikakata simu. Nikimwambia ukweli, atalazimika kuandikia chuo barua kueleza kwa nini jina langu lisiandikwe, na kwenye barua ataliandika. Ninavyomjua, atafurahi pia. Atapata sura nyingine ya kitabu.

Jirani yangu Mama Otieno, mwenye saluni, anasema, "Wewe nawe! Si umwambie tu, hiyo ni kitu ya dakika mbili."

"Na akiwaambia wenzake?"

"Basi hama."

"Nihamie wapi, Mama Otieno? Wateja wangu wote wako hapa."

"Basi nyamaza. Lakini hiyo gauni ya mikono ya kushoto usiniletee mimi."

Anacheka, lakini nimemwona naye siku hizi akichungulia barabara kabla hajafungua.

Sili vizuri. Kila kivuli kikisimama mlangoni mguu unatoka kwenye pedali. Watoto nimewakataza kucheza mbele ya kibanda na sijawaambia sababu. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimwambie yule binti kabla ya Jumatatu, au ninyamaze nimwachie Mungu?

Kabla sijatuma haya nimempigia yule mama wa kanisani, nimuulize huyo mwanamume alitaja jina gani hasa. Kumbe jina nililopewa na baba yangu hakulitaja. Anamtafuta Mama Neema, kama shemeji alivyozoea kuniita kule nyumbani. Ndilo nililoandikisha juu ya mlango wangu, kwa rangi nyekundu.