Sita Isiyo na Mwenzake

Mume wangu Verlin Amdahl alipima vitu maisha yake yote. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa mpimaji wa mahindi na soya kwenye ghala la ushirika, hapa mjini kwetu Minnesota. Mkulima akileta lori, Verlin huchota, hunusa, hutafuna punje moja, kisha huandika daraja. Hakuna aliyembembeleza akafaulu, hata kaka yake wa damu.

Nyumbani jicho hilohilo alilielekeza kwenye dola za fedha za ukumbusho, zile ambazo serikali hutoa kwa ajili ya Olimpiki au askari wa vita, na hakuna anayezinunulia mkate. Kila moja hupewa namba. Ya juu kabisa ni sabini, yaani haina dosari hata chini ya kioo cha kukuzia. Verlin hakuwahi kutoa sabini.

"Sabini ni ya Bwana Yesu," alisema. "Sisi wengine tugombanie sitini na tisa."

Mimi nilikuwa sizigusi. Nikijaribu, alinipigia kelele: "Ardis, shika ukingoni! Usoni hapana, kidole kina mafuta!" Nikaona afadhali niziache kabisa.

Dola yake ya kwanza ilikuwa ya Sanamu ya Uhuru, ya mwaka 1986, mwaka tuliofunga ndoa. Hiyo hakuwahi kuipima. Alisema anaiogopa. Jumanne moja asubuhi, mwezi Machi, akaitoa kwenye kasha lake, akailaza juu ya kitambaa kwenye meza ya jikoni, akawasha taa. Mimi nikashuka chini kutoa nguo kwenye mashine. Nilipopanda, kichwa chake kilikuwa mezani kama mtu anayesali. Kwenye karatasi alikuwa ameandika 6, basi. Kalamu ilikuwa sakafuni.

Walipokwisha kumchukua, sikujua la kufanya, nikasafisha. Niliosha vikombe. Nilipangusa meza. Niliinua ile dola, nikaona ina tone la kahawa, nikaisugua kwa pindo la aproni, huku na huku, vizuri, kama kijiko. Kesho yake ndipo nilipokumbuka kwamba sarafu haifutwi, maana hukwaruzika ikapoteza daraja. Ni jambo la kwanza wanaloambiwa wanachama wapya wa chama chake cha sarafu.

Kwenye mazishi mchungaji alisoma Zaburi, kwamba siku za miaka yetu ni miaka sabini. Baadaye, watu wakinywa kahawa, mwenyekiti wa chama hicho, Orrin Tveit, akaniinamia.

"Sitini na tisa na miezi kumi na moja, shemeji. Angejipima mwenyewe, angesema hapo ndipo mwisho wa namba."

Watu wakacheka, kisha wakaogopa kwamba wamecheka. Mimi sikuumia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unauona ni wako, lakini haukuambii kitu. Nilichotaka ni kimoja tu: namba ya pili, ile ya kuifuata sita aliyoiandika. Sita na nini?

Alhamisi iliyofuata nikaipeleka dola chamani, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Walikuwa watano. Desturi yao ni kwamba sarafu inazunguka, kila mtu anaandika namba kwa siri, karatasi zinatiwa kwenye kopo la kahawa, halafu mwenyekiti anazisoma.

"Nataka kujua Verlin angeandika nini," nikasema.

Orrin akaweka kioo jichoni, akaigeuzageuza dola chini ya taa. "Mh."

"Mh nini?" akauliza Marlys Quam, karani wa chama. "Wewe ukianza mh, unataka kuipunguzia mtu."

"Tazama mwenyewe basi, mama mjuaji."

Marlys akatazama. "Loo! Mshenzi gani kaisugua hivi? Verlin angemkimbiza mpaka Dakota!"

Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Lakini nilipewa karatasi kama wengine, na mkono ukaandika wenyewe. Orrin akafungua kopo.

"Imesuguliwa, haipewi namba. Imesuguliwa. Imesuguliwa." Zikafika tano. Ya sita akaisoma kimya, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Na hii inasema vilevile."

"Isome yote, Orrin."

"Nimeshaisoma, shemeji."

"Isome."

Akaitoa. "'Niliifuta kwa aproni. Ardis.'"

Mashine ya kahawa ilikuwa inatokota peke yake.

"Na mimi nimeshasema mshenzi," akasema Marlys.

"Umesema," nikamjibu.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Ulikuwa hujui." Nikamgeukia Orrin. "Na ile namba ya pili?"

Akavua miwani. "Haimo tena kwenye sarafu. Hata tungekuwa mia. Aliyeiona ni yeye tu."

Nami naamini kwamba anayo huko aliko, na kwamba hajaibadilisha kwa ajili yangu. Nilingoja nilie. Sikulia.

Orrin akanirudishia dola, bado ameishika ukingoni, kwa mazoea. Nikatandaza kiganja.

"Kwa hiyo sasa naweza kuishika?"

"Ishike utakavyo, shemeji. Haiharibiki zaidi ya hapo."

Nikaweka kidole gumba usoni mwa dola, katikati kabisa. Ilikuwa baridi, halafu ikapata joto. Marlys akaleta kahawa na andazi la mdalasini, nikanywa kwa mkono mmoja.