Mama Tupa Achagua Mashine

Dada yangu aliingia kwenye duka la vifaa vya ufundi akiwa na saa ya ukutani aliyoing'oa jikoni kwetu, sindano ya kushonea na uzi mweusi. Mimi nilimfuata nyuma nikiona haya. Mwenye duka alituangalia, akatuelekeza kwa fundi cherehani, mlango wa tatu.

"Hatujapotea," dada akamwambia. "Nataka mashine ndogo ya kuzungusha, ya kufanyia kazi ya fedha nyumbani. Na nina maswali."

Alisema ana maswali kama mtu anayesema ana bunduki. Nilivuta kiti nikakaa, maana namjua.

Mtaani wanamwita Mama Tupa. Tupa ni kile chuma chenye meno madogo cha kusugulia, na kwa miaka kumi na tisa hakikumtoka mkononi. Alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka la sonara mmoja, akilainisha pete, bangili na vikuku. Sonara alipozeeka akafunga duka, dada aliibeba meza yake ya kazi akaileta nyumbani, akaiweka chini ya dirisha, kwenye chumba kinachopakana na jiko. Tunaishi wawili tu: yeye mjane, mimi sikuolewa na sijutii. Tangu siku ile sijanywa chai isiyo na vumbi la fedha.

Halafu kidole gumba chake cha kulia kikaanza matata. Dakika kumi za tupa, kinawaka moto. Dakika kumi na tano, mkono mzima unatetemeka. Daktari alikigeuzageuza, akasema kiungo kimelika: ama aache kusugua kwa mkono, ama atafute mashine. Dada alikifunga kitambaa akaendelea na kazi. Ana kichwa kigumu, na hilo nalisema kwa mapenzi.

Katikati ya hali hiyo akaja Mwalimu. Anafundisha shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu, mwanamke wa maneno machache. Alileta hereni moja ya fedha yenye umbo la jani. Ilikuwa ya marehemu mama yake, na ya pili yake ilipotea siku nyingi. Alitaka itengenezewe pacha, azivae zote mbili. Kwenye ncha ya jani palikuwa na kishimo kidogo.

"Hapo niliuma mimi nilipokuwa naota meno," alisema, akipapapasa kwa kidole. "Mama alikuwa akinionyesha kila nikimletea ukaidi. Kwenye hiyo mpya usikiweke. Jino langu lilikuwa moja tu."

Dada aliikandamiza hereni kwenye mchanga wa kalibu ili uache umbo lake, akayeyusha fedha, akamimina. Pacha akatoka na kila kitu, hadi kishimo. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kukisawazisha kile kishimo cha pacha. Kwa kuwa kidole kilikuwa kimegoma, aliazima mashine ya seremala jirani, lidude zito linalopiga kelele nyumba nzima. Alichukua hereni moja mezani, akaigusisha. Ncha ikawa laini kabla hajavuta pumzi. Akaigeuza nyuma, akaona tundu la juu limelika upande mmoja kwa kuvaliwa miaka na miaka.

Alikuwa ameshika ya marehemu.

Nilimkuta amekaa, mikono mapajani. Akanionyesha zote mbili. Ile mpya, ya kumimina, bado ilikuwa na kishimo chake, kilekile, mahali palepale.

Nitasema ukweli nilichomwambia, ingawa sijivunii. Nilimwambia, "Mpe hii yenye kishimo, sema ndiyo ya mama yake. Nani atajua?"

"Mimi," akasema.

Kesho yake mchana Mwalimu alipokuja, dada alimwambia yote, bila kupunguza. Mwalimu alitazama ile hereni laini kwa muda mrefu. Akatoka bila kuaga, zote mbili akaziacha mezani. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu, hakuonekana.

Mimi nikaona mambo yamekwisha. Na niseme pia, nilifarijika kidogo. Nilikuwa nimechoka kumwona anakunja uso kila akishika kijiko. Nikahamishia vyungu vyangu vya maua juu ya meza yake, pale penye jua zuri. Dada alirudi kutoka sokoni, akaweka kapu chini, akavihamisha kimoja kimoja hadi kibarazani. Vilikuwa saba. Kwa kidole kile kile.

"Dada, imetosha," nikamwambia. "Pumzika. Mashine ile imekuharibia jina, itakuharibia na mkono."

"Mashine haina kosa." Alikaa. "Sonara alitufundisha, ukishatoa nakala, kabla hujaiosha, unaitia nukta nyuma. Kila nakala, kila siku. Mimi sikuitia. Kutia nukta kunataka ukandamize, na kidole kilikuwa kinauma. Nikajiambia, nitazijua tu." Akafuta udongo wa vyungu kwenye meza. "Nitaacha siku nitakayotaka mimi, mdogo wangu. Si siku niliyokosea."

Basi nikachukua kitambaa nikamsaidia kufuta meza.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Fundi Meno, yule anayetengeneza meno ya bandia karibu na zahanati. Watu hucheka kwamba ndiye mtu pekee anayechonga tabasamu la mwenzake. Yeye kazi yake yote ni kuzungusha vitu vidogo bila kuviharibu.

"Usitafute nguvu, dada, tafuta utulivu," alimwambia. "Mota ikae mbali na wewe, mkononi ubaki na kitu chepesi. Mwendo uushike kwa mguu, maana mkono unaouma huchelewa kuzima. Halafu weka biti nyembamba, ile ya kuchongea, zungusha taratibu, utazame ncha. Ukiona kama ziko mbili, kichwa kinachoishika kinacheza. Iache hapohapo, hata ukipewa bure."

Dada akaongeza jaribio lake mwenyewe, la muda na la sindano; ndiyo maana tulikuwa dukani na saa ya ukutani.

Mwenye duka alianza na mashine ya rangi ya chungwa. "Hii, mama, ni mizunguko elfu thelathini na tano kwa dakika. Ndege hii!"

"Mimi sisafiri," dada akasema. "Polepole kabisa inakwendaje?"

Polepole yake ilikuwa inapiga kelele kama ya seremala. Dada akaisukuma pembeni. Ya pili ilikuwa ndogo, nzuri, mota imo ndani ya mshikio wenyewe. Alitia biti nyembamba, akatazama ncha dirishani, ikawa moja. Akaiegemeza saa kwenye kaunta, akakaa, akaishika mashine ikiwa inazunguka.

"Unafanya nini, mama?"

"Naishika."

"Mpaka lini?"

"Nusu saa."

Mwenye duka akanitazama mimi. Nikatazama dari. Watu wakaanza kusogea, mmoja aliyekuja kununua misumari, wengine wawili wa rangi. Dakika ya kumi na mbili mashine ikawa ya moto, dada akahamisha vidole. Kufika ya ishirini niliona mkono unaanza kutetemeka. Akaizima, akachukua sindano na uzi, akajaribu kutunga. Mara ya kwanza, mara ya nne, mara ya saba. Uzi ulikuwa unapita kando tu. Nilitaka kumnyang'anya nimtungie mwenyewe. Nilijua kwamba hapa pakishindikana, hakuna duka jingine, na vile vyungu vitarudi mezani na yeye hatasema neno.

"Ile ya juu ni nini?" akauliza.

Juu ya kabati palikuwa na boksi lenye vumbi. Mwenye duka alilishusha shingo upande. "Hii mama haitakufaa. Haina kasi, imekaa hapa tangu sijaota mvi."

Mota yake hutundikwa kwenye ndoano. Kutoka hapo unashuka mpira mrefu unaojipinda, mwishoni pana mshikio mwembamba wa kushika kama kalamu, na chini kuna pedeli ya mguu. Dada alivua kiatu. Aligusa pedeli kwa kidole kikubwa cha mguu, ncha ikaanza kuzunguka taratibu kiasi kwamba ungeweza kuihesabu. Akaitazama dirishani. Ncha ilikuwa moja.

Nusu saa nzima. Mtu wa misumari alikuwa ameshalipa na hakuondoka. Mwenye duka naye akaacha kulalamika, akaegemea kaunta, macho kwenye saa yetu ya jikoni. Mshale ulipofika, dada aliinua mguu, akachukua sindano.

Uzi ukapita mara ya kwanza.

"Nifungie," dada akasema, akavaa kiatu.

Mwalimu alikuja siku ya tisa baada ya mashine kutundikwa. Hakukaa. Aliziangalia hereni zilizokuwa bado pale pale alipoziacha, kwenye kisahani.

"Ungeweza kunipa hii yenye kishimo," alisema, "na nisijue mpaka kufa."

"Ningeweza."

"Mwezi mzima nawaza hilo." Akaigusa ile iliyolainishwa. "Unaweza kunirudishia alama yangu?"

"Hapana, Mwalimu. Naweza kuchonga shimo, lakini litakuwa shimo langu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akaichukua ile mpya, akaiweka mbele ya dada. "Basi na hiki kiondoe. Sikukiuma mimi."

Dada aliigeuza kwanza. Aligusa pedeli, akatia nukta moja nyuma, ndogo, safi. Ndipo akaigeuza tena akakilainisha kishimo polepole, mpaka kikaisha. Mwalimu alivaa ya mama yake sikio la kushoto, ile ya nukta kulia. Alikuwa analia, na hakujificha.

Nilidhani ataondoka. Badala yake alifungua mkoba, akatoa mkufu wa fedha, mweusi kwa uzee, umejaa michubuko na mikwaruzo.

"Nao ni wake. Umekatika hapa," alisema, akashika pete moja ya mkufu. "Hapa tu. Kwingine kote usiguse."

"Sitagusa."

Akauweka kwenye kiganja cha dada, akavuta kiti, akakaa kusubiri. Dada akaulaza mezani, akavua kiatu, akaweka mguu juu ya pedeli kwa wepesi hivi kwamba ilinibidi niinamie ile ncha ndipo nijue imeanza kuzunguka.