Nilipokea Jani la Isale, Hadithi Zangu Zikabaki na Picha ya Wifi

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipoteza hadithi zangu nne. Hazikuungua, wala simu haikuibwa. Zipo, zimechapishwa, zinasomwa, ila juu yake kuna picha ya wifi yangu amesuka nywele mpya. Admin, jina langu naomba ulifiche, ingawa mkisoma mpaka mwisho mtaona ni ajabu mtu kama mimi kuomba jina lifichwe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nimeolewa Kilema, naishi Moshi mjini. Shule niliishia darasa la saba. Nilianza na ndizi za beseni, leo nina duka langu la pumba na chakula cha kuku, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi mjue mimi si mtu wa kulialia.

Mchana wateja wakipungua huwa naandika hadithi kwenye simu. Kuna jarida moja la wanawake la Dar, nilikuwa sikosi ukurasa wake wa hadithi fupi, nikajiambia hata mimi naweza. Shida wanapokea kwa baruapepe tu, iwe imechapwa vizuri, na picha ya mwandishi. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ana steshenari Bomang'ombe, kule Hai. Basi nikawa namtumia kipande kipande kwa WhatsApp, yeye anapanga, anatuma. Nikiuliza ananijibu, "Bado wanasoma, wifi. Wana foleni hao." Baadaye ikawa, "Wamesema hazijafikia kiwango, wifi yangu, usife moyo." Nikafa moyo. Mwaka mzima nikijua sifai, nikarudi kwenye pumba zangu.

Mpaka siku alipokuja mteja wangu mmoja, nesi, na jarida kwapani. "Kumbe ukoo wenu una mwandishi, mama? Hii ya mtoto imeniliza." Akanifungulia. Ilikuwa ile ya mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa bila kulia, tukamzika migombani kwa mama mkwe. Sijawahi kumsimulia mtu yale, niliyaandika tu. Mtandaoni kwenye ukurasa wa jarida watu chungu nzima wanampa wifi pole, na yeye anawajibu mmoja mmoja, "Asante mpendwa, Mungu ni mwema." Wifi hajawahi kubeba mimba. Siku ile nilimpimia nesi pumba nikakosea, mimi ambaye mizani hainipigi chenga.

Nilipompigia wifi hakukana. "Nilitaka kukuambia, wifi. Wanataka picha, na wewe kupigwa picha hupendi." Nikamwambia tukutane Jumapili kwa mama mkwe. Nilijiandaa kusema yote. Kumbe na yeye alijiandaa. Natoka misa nafika uani, mama mkwe ameketi, mume wangu yupo, na wifi kapiga magoti, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa wasio Wachaga: mtu akikujia na isale kuomba msamaha, hukatai. Ukishalipokea, neno limekwisha, hulifukui. Ukilifukua, laana inatua kwa watoto wako. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikamwambia, "Wifi, umeanza na jani hata hujasema ulichofanya?"

Mama mkwe akadakia, "Pokea, mwanangu. Jani halisubiri maelezo."

Nikapokea, maana nina watoto wawili.

Tukiwa njiani kurudi mume wangu ananiambia, "Sasa umenuna nini? Jina si limebaki kwenye ukoo?"

"Ukoo ndio uliobeba ile mimba?"

Akaongeza sauti ya redio.

Nikasema basi, hizo nne zimekwenda, naanza upya kwa jina langu. Nikaandika ya tano, nikaenda steshenari nyingine hapa mjini, nikaweka na picha yangu nimevaa kitenge cha sikukuu. Haikupita wiki, jibu likaja. Hadithi ni nzuri, ila inafanana mno na za mwandishi wao wa kule Hai. Nijitahidi kutafuta sauti yangu mwenyewe. Jibu lile nimelisoma mpaka nalijua kama sala.

Jana wifi kanitumia ujumbe: "Wifi kipenzi, wananitaka niandike kila mwezi. Ya kwanza inatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Niokoe."

Jumbe zote nilizokuwa namtumia ninazo, tarehe na saa zinaonekana. Nikizipeleka kwa mhariri nimevunja isale, na siku mtoto akishikwa hata na mafua, Kilema nzima itanigeukia mimi. Nikinyamaza, nitazeeka nikimwandikia. Paroko kasema nimwachie Mungu. Mume wangu kasema nimwandikie tu, ni ndugu.

Na kibaya zaidi, hadithi yenyewe nimeshaiandika. Nilisema siandiki, wateja walipopungua mkono ukaenda kwenye simu. Imekamilika, na ni nzuri kuliko zile nne.

Leo ni Jumatano. Wenye "pole dada" na "mwachie Mungu" naomba mkae pembeni, hizo ninazo za kutosha. Ninyi wengine niambieni neno moja tu: nimtumie wifi, nimtumie mhariri pamoja na ushahidi, au niifute? Nalitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Likija saa sita na dakika moja, halitanisaidia.